Niliomba Dhahabu Ikimbie

Wiki mbili zilizopita jirani yangu hapa Kahama aliita vijana waje wamchimbie shimo la choo. Sikuwa na habari nao. Nilikuwa uani nachambua dagaa, na upepo ulipogeuka harufu ikaniingia puani kabla sijajua ni ya nini. Haikuwa harufu ya udongo ulionyeshewa, ile ambayo kila mtu anaisifia. Ilikuwa ya udongo wa chini kabisa, ambao haujawahi kuona jua. Una ubaridi fulani, na kwa mbali unanuka kama kisu kilicholowa. Niliacha dagaa palepale, paka wakajipatia karamu, nikaingia ndani na kufunga dirisha. Mume wangu alipouliza nina nini, nikamwambia mafua. Mafua ya namna hiyo nimekuwa nayo tangu nina miaka tisa.

Tuliokulia machimboni hatuhitaji kuelezana harufu hiyo. Ninyi mliokulia mahali pa watu waliotulia, nivumilieni kidogo.

Kwetu ni Ushetu, nchi ya tumbaku. Baba alilima tumbaku mpaka ikamchosha. Alikuwa akisema tumbaku ni mtoto asiye na shukrani: unamlea mwaka mzima, unamkausha banini, kile kibanda cha moto, kwa moshi unaokutoa machozi, halafu anakuja mtu amevaa viatu safi, ananusa mara moja na kusema ni mbaya. Msimu mmoja walipomwambia hivyo alirudi nyumbani akakaa kimya siku mbili. Siku ya tatu akatuambia tunahama. Tulipanda lori lililobeba magunia ya mkaa, mimi, yeye na Mama, mpaka kwenye kilima kimoja upande wa Geita. Jina lake nitaliacha, maana waliobaki pale wana maisha yao na sitaki kuwachokoza.

Nyumba yetu ilikuwa turubai la bluu lililofungwa kwenye miti. Jua likichomoza, mwanga wote wa ndani ulikuwa bluu, nasi tulionekana kama watu waliozama majini. Baba alikuwa mmoja wa wanaume sita waliochimba duara la mtu aliyeitwa Masanja. Duara ni shimo tu, wala si la mviringo. Mdomo wake ulikuwa na upana wa meza ya kulia chakula, na kina chake sikukijua kwa sababu nilikatazwa kusogea. Kuta zake zilizuiwa na magogo yaliyopangwa kama ngazi, wenyewe waliyaita matimba. Baba alikuwa akikalia kijiti kilichofungwa kwenye kamba, wenzake wakimshusha taratibu, naye akinitolea ulimi mpaka kichwa kinapotea. Nilicheka kila siku. Kila siku pia niliogopa ule ulimi ulipotoweka, lakini hilo sikumwambia mtu.

Sasa nieleze ujinga wangu, kwa sababu mengine yote yalitoka humo. Nilidhani dhahabu ni kiumbe hai, na sidhani kama ningefikiri vingine. Wanaume wazima, wenye ndevu, walirudi jioni wakisema imehama. Wakisema jana ilikuwa inapita hapa, leo imekimbia. Wakisema imelala, tusipige kelele. Kichwani mwangu nilijenga mnyama kama fuko, mwenye masikio makubwa na manyoya ya kung'aa, anayepita chini ya turubai letu wakati tunakula ugali. Nyuma ya lundo la kifusi palikuwa na sehemu tulivu ambapo nilikuwa nikilala kifudifudi na kutega sikio chini nimsikie. Siku moja nikamsikia kweli: gu, gu, gu. Nikamkimbilia Baba kumpa habari. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Hilo ni karasha la bondeni, ng'wanone, mwanangu," akaniambia. "Linasaga mawe ya watu. Ardhi inaleta sauti mpaka huku."

Niliaibika, lakini sikuamini sana. Baba hakuwa na masikio mazuri kama yangu.

Mama alikuwa mtu wa maombi. Simaanishi mtu wa kanisani, wa kelele na vigelegele, hapana. Kila asubuhi kabla ya kuwasha moto alipiga magoti pembeni ya mkeka, nami nikipiga magoti ubavuni mwake nikiwa na usingizi, akaongea na Mungu kwa Kisukuma, sauti ya chini, kama anayezungumza na mtu wa chumba cha pili. Aliwataja watu mmoja mmoja: bibi yangu, shangazi zangu, Baba, mimi. Kazi yangu ilikuwa kusema amina. Akinitaja mimi nilikuwa nikinyoosha mgongo, ili Mungu akitazama anione vizuri.

Kisha ukaja mwezi ambao Masanja alimleta mganga. Duara lilikuwa limekula miezi bila kutoa kitu, na wanaume walianza kutazamana vibaya. Mganga alizunguka shimo, akafanya aliyofanya, na kabla hajaondoka akatoa sharti. Alisema mali ya chini ina wenyewe, na ikisikia jina la aliye juu inahama. Mpaka mawe yatakapotoka, katika nyumba za watu wa duara lile mtu yeyote asipige magoti. Wakristo wafunge vitabu vyao, Waislamu wakunje miswala. Msishangae. Machimboni watu wa dini zote walikubali masharti kama hayo, na sijui kama wameacha.

Jioni ile Baba alikuja nyumbani akiwa mpole kupita kawaida. Alikaa, akavua viatu, akamtazama Mama.

"Mama Kabula," akasema, "tumsimamishe Mungu kidogo. Siku chache tu. Tukishatoa mawe tutamwomba hata kutwa nzima."

"Mungu ni lori?" Mama akamuuliza.

"Mimi mwenyewe sipendi. Lakini tupo sita. Nikikataa mimi, likitokea lolote watasema ni mimi."

Mama alichukua Biblia yake, akaifunga kwenye kitenge, akaichomeka ndani ya gunia la unga wa mtama. Asubuhi iliyofuata aliamka akawasha moto moja kwa moja. Mimi nilibaki mkekani nikisubiri. Nilimwona Mungu, akilini mwangu, amesimama nje ya turubai kwenye umande, hana koti, anasubiri aruhusiwe kuingia. Nilimhurumia sana. Nilitaka hata kumpelekea uji.

Siku zikapita. Mama alikuwa akitwanga mawe, kama wanawake wengi pale. Alikaa mbele ya kinu cha chuma, mchi mikononi, akipondaponda vipande vya mawe mpaka viwe unga wa kupeleka kuoshwa. Jirani yake kwenye kazi hiyo alikuwa Mama Asha, mama lishe kutoka Kigoma, aliyekuwa akija kutwanga mchana akishamaliza kuuza chakula. Alikuwa na ulimi mkali na moyo laini. Siku moja nilikuwa nyuma yao nachezea vijiwe, nikamsikia akimwambia Mama:

"Shoga yangu, wewe omba tu wasipate. Mimi na mume wangu tulilala njaa miaka minne mkeka mmoja. Siku alipopata, aliniambia anakwenda Mwanza kununua shati. Mpaka leo ananunua shati."

Mama akacheka kidogo. "Baba Kabula si mtu wa hivyo."

"Wote si watu wa hivyo," Mama Asha akasema. "Ikishapatikana, humwoni tena."

Mama alicheka tena, lakini mchi wake ulikosea kinu ukapiga pembeni. Mimi niliganda na vijiwe vyangu mkononi. Kwa hiyo dhahabu ikipatikana, Baba anapotea. Na kila siku alikuwa akishuka kuitafuta! Hakuna mtu aliyekuwa na akili kwenye kilima kile isipokuwa mimi na Mama Asha.

Nikafikiri kwa siku mbili. Na hapa ndipo ninapojishangaa mpaka leo, kwa sababu nilifikiri vizuri kabisa, hatua kwa hatua, kama mwanafunzi hodari. Mganga alisema mtu akipiga magoti dhahabu itakimbia. Mimi nilitaka dhahabu ikimbie. Basi nitapiga magoti. Sikumwamini Mungu zaidi ya wengine siku ile. Nilimwamini mganga kuliko wote. Nilimchukua Mungu wa Mama kama jiwe la kufukuzia ndege shambani.

Asubuhi nikaenda nyuma ya lundo la kifusi, pale pangu. Ilikuwa imeanza kunyesha kidogo na udongo mwekundu ulikuwa laini. Nikapiga magoti, nikafumba macho, nikasema kwa Kisukuma kama Mama, lakini kwa maneno yangu: Mungu, ifukuze dhahabu. Ikikataa kuondoka, ifunike. Ifunike vizuri, Baba asiione. Amina nikasema mwenyewe, maana hapakuwa na mwingine wa kuisema. Nikafanya hivyo asubuhi tatu. Mvua nayo ilinyesha siku zote tatu.

Siku ya pili jioni Baba alisema tukiwa tunakula, kama mtu anayesimulia hali ya hewa, kwamba matimba ya upande wa chini yameoza. Masanja ameyatoa kwenye duara la zamani, akasema, hataki kununua mapya mpaka mawe yatoke. Mama akamwambia asishuke. Baba akasema kesho watashuka wachache tu, kutoa maji. Nilisikia maneno hayo yote na hayakunihusu. Nilikuwa nikiwaza magoti yangu.

Siku ya tatu, saa nne hivi ya asubuhi, nilisikia kitu ambacho si mlio. Ardhi ilishusha pumzi. Kinu cha Mama kikanyamaza, na vinu vyote vikanyamaza, kisha watu wakaanza kukimbilia upande mmoja. Mwenzake Baba, aliyeshuka naye, alikuwa amepandishwa juu kuchukua ndoo. Baba alikuwa chini peke yake. Nilipofika nikapenya katikati ya miguu ya watu, nikaona mahali palipokuwa na shimo pamekuwa bakuli la udongo mwekundu, umetulia, na ile harufu ikipanda kutoka humo.

Mtu mzima angeona duara lililoporomoka. Mimi niliona limefunikwa. Niliona Mungu amefanya nilivyomwambia, neno kwa neno, na vizuri, kama nilivyoomba. Ila sikuwa nimekumbuka kumwambia kwamba Baba yuko hukohuko iliko dhahabu.

Walichimba siku hiyo nzima na siku iliyofuata, mvua ikinyesha, udongo ukirudi ndani kila walipoutoa. Mama alikaa kwenye matope akawatazama. Hakuna aliyenijali, nami nikaenda nyuma ya lundo. Sikupiga magoti. Nililala kifudifudi, nikatega sikio.

Nikasikia. Gu, gu, gu. Kisha kimya. Kisha gu, gu.

Nilijiambia ni karasha. Baba mwenyewe alikuwa ameniambia ni karasha. Halafu nikajiambia ni dhahabu inarudi, na nikiwaita watu wataniuliza nilikuwa nafanya nini pale, wataona alama za magoti kwenye udongo. Nikainuka, nikafuta zile alama kwa mguu, nikarudi kukaa karibu na Mama. Sikumwambia mtu yeyote. Siku iliyofuata nilikwenda kusikiliza tena na hapakuwa na kitu.

Baba hakutolewa. Yuko palepale.

Baada ya hapo Masanja akaja kwenye turubai letu na wanaume wawili. Mama alikuwa amekaa chini, amefunikwa kanga, Mama Asha yuko pembeni yake. Masanja alitoa pole, akapokea kiti, akakaa. Kisha akasema taratibu kwamba duara haliwezi kujifukia hivihivi. Kuna mtu kavunja sharti. Kuna mtu kapiga magoti.

"Mama Kabula, tuambiane ukweli."

"Matimba yako yamepiga magoti," Mama Asha akamjibu. "Kawaulize matimba."

"Sijaongea na wewe, mama."

Mama alinitazama. Nilikuwa nimekaa mbele yake na gauni langu fupi. Alitazama magoti yangu, akavuta upindo wa kanga yake akayafunika. Kisha akainua uso.

"Ni mimi," akasema. "Niliomba."

Wale wanaume wakaguna. Mmoja akatema mate nje. Masanja alisimama, na kusema kweli alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo. Tulipewa mpaka jioni tuwe tumeondoka. Wanawake tuliokuwa tukichota nao maji walisimama nje ya vibanda vyao wakatutazama tukipita na gunia letu la unga, na hakuna aliyesema kwaheri isipokuwa Mama Asha, aliyetusindikiza mpaka barabarani akiwatukana kwa Kiha mmoja baada ya mwingine. Mimi nilitembea nyuma ya Mama nimefumba mdomo. Niliamua kwamba mdomo wangu usije ukamwambia Mungu kitu tena.

Na nikatimiza. Tulirudi Ushetu kwa wazazi wa Mama, nikasoma, nikakua. Msinielewe vibaya, kanisani nilikwenda kuliko wengi. Niliimba kwaya sauti ya pili, nikafagia madhabahu, nikabatizwa nikiwa na akili zangu. Lakini mchungaji aliposema sasa kila mmoja amwombe Mungu kimoyomoyo, nilikuwa nikitaja mikoa ya Tanzania na makao makuu yake. Niliijua yote. Nilipofunga ndoa niliinamisha kichwa nikataja mikoa. Nilipojifungua mtoto wa kwanza na mambo yakawa magumu, wakunga wakaniambia mwite Mungu wako mama, nikauma shuka. Watoto wangu walifundishwa kuomba na baba yao. Mimi nilisema amina kwa sauti kuliko wote, na mwishowe nikawaachia hata hiyo, nikawa na kazi jikoni wakati wa maombi. Watu walidhani imani imenipoa. Haikuwa imepoa. Hakuna mtu wa kanisa lile aliyeamini kama mimi kwamba Mungu anasikia.

Mama hakuwahi kuniuliza. Naye hakuolewa tena. Kila asubuhi, mwaka hadi mwaka, alipiga magoti pembeni ya kitanda, na nilipomtembelea nilikuwa nikijifanya nimelala mpaka amalize. Nilimsikia akitaja majina. Jina la Baba alilitaja pia, miaka yote, na kila alipolitaja nilivuta shuka usoni.

Mwaka jana tumbo lake likaanza kuvimba. Tulizunguka hapa na pale, mwisho tukapelekwa hospitali kubwa Mwanza, wakasema lazima apasuliwe. Asubuhi ya upasuaji tulikuwa wawili tu nyuma ya pazia, yeye kavaa lile gauni la kijani lisilofungika vizuri mgongoni, amekuwa mdogo kama binti wa shule.

"Kabula," akasema, "niombee."

"Mchungaji alisema atapita, Mama."

"Sijamwomba mchungaji. Nimekuomba wewe."

Nikaanza kukunja shuka ambayo ilikuwa imekunjwa. Nikamwambia nitamwita nesi wa zamu, nilimwona amevaa rozari. Mama akanishika mkono.

"Una nini na Mungu wewe?"

Basi nikasema. Nilisema kwa Kisukuma, kwa sababu mambo yale yalikuwa bado kwa Kisukuma ndani yangu. Nilimwambia juu ya fuko, juu ya shati la Mwanza, juu ya asubuhi tatu na neno lile, ifunike. Nilimwambia pia juu ya kule kugonga nilikokusikia chini ya ardhi. Nililia kwa namna ambayo mwanamke wa kitanda cha pili aliinua pazia kidogo na kulishusha.

Mama alisikiliza akitazama dari.

"Nilijua uliomba," akasema. "Magoti yako yalikuwa mekundu siku tatu. Nani angekuwa anatafuta nini nyuma ya kifusi na mvua ile?"

"Na ukasema ni wewe."

"Sikudanganya. Niliomba."

"Lini? Uliacha, Mama. Nilikuona."

"Yule mganga alikataza magoti. Hakukataza kutwanga." Alinyanyua mikono miwili yenye mpira wa dripu, akaishusha, kama ameshika mchi. "Kila nikiinua nasema arudi. Nikishusha, arudi. Tangu anashuka mpaka anapanda. Siku ile nilitwanga hivyohivyo mpaka niliposikia kelele."

Nikamwambia, "Lakini hakurudi."

"Hakurudi."

"Na wewe ukaendelea kuomba."

"Ningeongea na nani mwingine, Kabula? Masanja?"

Nilikasirika, niseme ukweli. Nilimkasirikia mgonjwa, kitandani, dakika chache kabla ya kupasuliwa. Nilimuuliza mbona hakuniambia miaka yote hiyo, akasema alidhani nimesahau. Nilikuwa mtoto, nilikuwa nakula vizuri, nilikuwa naimba kwaya. Halafu nikauliza lile jingine.

"Na kule kugonga?"

"Lilikuwa karasha," akasema.

Alijibu haraka mno. Nilimtazama machoni naye akafumba macho, na sitajua kamwe kama alikuwa anajua, au alinifunika tena kama alivyoyafunika magoti yangu.

Nesi akaja na kitanda cha magurudumu, akasema mama tuko tayari. Mama hakuuachia mkono wangu. Nilikuwa naogopa kuliko siku yoyote tangu ile. Kila neno nililolifikiria niliona upande wake wa pili: apone, apumzike, mchukue, mlinde, yote yangeweza kugeuka. Nesi alikuwa akisubiri, ana kazi zake. Nikainama mpaka mdomo wangu ukagusa sikio la Mama, nikasema, "Mungu, huyu ni mama yangu. Arudi." Mama akasema amina. Wakamsukuma.

Alirudi. Siku ile alirudi, macho mazito, akiomba maji. Daktari aliniita pembeni akaniambia walichokikuta kimeshasambaa na wamelifunga tumbo bila kutoa kitu. Nikampeleka Ushetu, nikahamia huko, mume wangu akabaki na nyumba na mtoto wetu mdogo. Binti yetu mkubwa alikuwa shule ya bweni, wala hakuona lolote kati ya haya. Kila asubuhi Mama alitaka tuombe, na kwa kuwa hakuweza tena kushuka kitandani, nilipiga magoti kwa niaba yetu wote wawili. Mwanzoni nilikuwa na neno moja tu. Baadaye yakawa mawili, matatu. Sitasema nilifurahia, kama mnavyotaka niseme. Kila asubuhi nilikuwa kama anayeshikilia kamba na huku chini kuna mtu. Lakini niliamka na kufanya, na siku niliyochelewa Mama aligonga ukuta kwa kiganja, na moyo wangu ukasimama kwanza kabla sijajua ni yeye.

Tuliendelea hivyo miezi mitano. Kila asubuhi niliomba apone. Siku ya mwisho pia niliomba apone, waziwazi, kwa sauti, na saa tisa mchana akafariki, kichwa chake kikiwa kwenye mkono wangu.

Kesho yake niliamka kunapambazuka. Wanawake wa msiba walikuwa wamelala mikekani sebuleni na ukumbini, na binti yangu, aliyefika jioni kutoka shule, alikuwa chini pembeni ya kitanda kitupu. Nilipiga magoti, goti likalia kwa nguvu akaamka. Alikuwa hajawahi kuniona hivyo maishani mwake.

"Mama," akanong'ona, "umeangusha nini?"

"Sijaangusha kitu. Naomba."

Alijiinua kwa kiwiko, akanitazama, akatazama kitanda.

"Lakini Bibi si ameshafariki?"

"Ameshafariki," nikamwambia. Nikafumba macho nikaendelea.